Ndege za Mrusi: kabla hujaniuliza kamera gani, soma hii

Juzi kati kijana mmoja kaniandikia inboksi. Anasema anakaa Ilemela, Mwanza, nyumbani kabisa, na ujumbe wenyewe ulikuwa hivi: "Shikamoo braza, nafuatilia picha zako za ndege za Kirusi muda sasa, na mimi nataka kuanza, nimedunduliza hela kidogo, ninunue kamera gani?" Nikamjibu marahaba mdogo wangu, hiyo hela usiiguse kwanza. Akanitumia emoji za kucheka, akadhani natania.

Sikuwa natania. Nikaanza kumweleza pale pale, nikaandika mpaka kidole kikauma, nikasema hapana, haya ngoja niyaweke huku maana najua hayuko peke yake. Mko wengi. Mkisikia mlio mzito juu mnaacha ugali mezani mnatoka nje, wenzenu wanabaki wanaangaliana. Ninyi ndio naongea nanyi, wengine mnaweza kupita.

Mimi ugonjwa huu nimeupatia Mwanza. Nimekulia Pasiansi, na kwa asiyepajua, Pasiansi iko njia ya uwanja wa ndege. Miaka ile viwanda vya minofu vilikuwa vimepamba moto, sangara anavuliwa, anachunwa, minofu inaenda Ulaya kwa ndege, na ndege zilizokuwa zinakuja kubeba nyingi zilikuwa Ilyushin, ndege za mizigo za Kisovieti, zile Il-76. Minofu inapanda ndege, sisi mtaani tunabaki na mapanki, yale mabaki ya mifupa ya samaki. Siasa yake ilishasemwa sana na wenye kusema, sitairudia. Mimi nilikuwa mtoto, nilichokuwa nakiona ni ile ndege. Ikiwasha injini sahani zinagongana kabatini. Halafu ikianza kukimbia ranwei inakimbia mpaka unasema leo haiinuki hii, ndio inainuka, pole pole, na moshi mweusi nyuma, inaikamata ile anga ya ziwani huku bado iko chini chini hivi unaweza kuhesabu matairi. Tuliziita Mrusi, zote, hata kama ubavuni kumeandikwa kitu kingine. Kumbe nyingi zilikuwa na usajili wa nchi nyingine kabisa, na zilikuwa zimeundwa kiwandani Tashkent, Uzbekistan, enzi hizo ikiwa bado Umoja wa Kisovieti.

Tarehe 23 Machi 2005 moja ilianguka ziwani, ndio kwanza imeruka, imejaa minofu. Watu 8 waliokuwa ndani wote wakafa. Baada ya hapo mama hakutaka tena kusikia habari za kwenda kukaa karibu na fensi ya uwanja. Mimi nikaendelea kwenda, sema nikawa naangalia kwa jicho lingine, nataka kujua hii kitu inaruka vipi, kwa nini hii ina kioo puani na nyingine haina, yule mtu anayekaa kwenye kioo anafanya nini. Wazee wa mtaa nao wana stori zao, watakwambia wakati wa vita vya Kagera, Machi 1979, Gaddafi alimsaidia Amin kwa ndege ya kivita ya Kisovieti, Tu-22, ikaja kuipiga Mwanza, mabomu yakakosa mji yakaangukia kisiwa cha Saanane yakaua swala. Watu wengi wanaona hiyo ni hadithi ya kijiweni. Sio hadithi, ilitokea. Kwa hiyo mtu asikwambie ndege za Mrusi ni mambo ya Wazungu, sisi watu wa ziwa zimetupitia kichwani kweli kweli.

Sasa turudi kwenye kamera. Nakwambia usinunue kwanza kwa sababu moja tu: utapiga kile unachokijua. Mtu asiyeijua ndege anapiga "ndege". Anayeijua anajua hii sura yake iko wapi, uzuri wake uko upande gani, akae wapi aisubiri. Nimeona watu wana lenzi ya bei ya bodaboda mbili na picha zao zote ni ubavu, ubavu, ubavu, angani, haina pua haina mkia, unauliza hii ndege gani anakwambia "ya mizigo".

Anza na hiyo hiyo Il-76 maana ndiyo unayoweza kukutana nayo hata leo hapo Afrika. Angalia chini ya dirisha la rubani, kuna vioo vingine, pua nzima ya chini ni vioo. Hapo anakaa navigeta, yule wa kuonesha njia, ana mlango wake wa dunia, anaangalia ardhi moja kwa moja. Mbawa ziko juu ya mwili na zimelegea kidogo kushuka, injini 4, mkia wa herufi T. Matairi 20. Ndiyo, 20, manne puani na 16 tumboni, maana ilitengenezwa itue sehemu ambazo ranwei ni jina tu. Iliruka mara ya kwanza Machi 1971, kwa hiyo ukiiona inatua leo unaangalia kitu cha zaidi ya miaka 50 kinaendelea na kazi. Watu wanaichanganya na C-17 ya Mmarekani. Mbona rahisi, C-17 haina ile pua ya vioo na ncha za mbawa zake zimekunjwa kwenda juu. Sasa ukishajua kwamba sura ya Il-76 ni vile vioo, hutasimama tena ubavuni. Utatafuta sehemu ya kuipata inakuja mbele yako kidogo kwa pembeni, jua likiwa mgongoni mwako, na vioo vile vinawaka. Hiyo ndiyo picha. Ile ya ubavu kila mtu anayo.

Tupolev, zile ndege nyingine za Mrusi, nazo zina alama yao. Nyuma ya bawa kuna kama vifuko vimechomoza, ndimo matairi yanamolala ikiwa angani. Injini mbili mkiani ni Tu-134, injini tatu mkiani ni Tu-154, na 154 kila mguu mkubwa una matairi 6. Tu-134 ndiyo aina aliyofia Samora Machel pale Mbuzini, Afrika Kusini, Oktoba 19, 1986. Nilipoingia ndani ya moja kwenye makumbusho ya Hermeskeil huku Ujerumani nilikaa kwenye kiti kwanza, sikupiga chochote. Zile Tu-154 zilitengenezwa zaidi ya 900 na kwa abiria wa kawaida huko Urusi safari ya mwisho ya ratiba ilikuwa Oktoba 2020. Umesikia? Zimeisha. Ndiyo maana nasema wahi.

Mlioko Kongo, mfano Bunia, na ninyi mna utajiri hamjui. Antonov za mapangaboi, An-26, An-32, An-12, na zile ndogo za Czechoslovakia, L-410, ambazo hata uwanja wa Wilson, Nairobi, zimejaa. An-32 utaijua kwa injini zilizokaa juu kabisa ya bawa, zimeinuliwa ili yale mapanga makubwa yasikwangue chini, na ina nguvu za kuruka sehemu za joto na milima. Na zile helikopta nyeupe za UN. Watu wote wanasema Mi-8. Angalia ile panga ndogo ya mkiani, ikiwa upande wa kulia wa helikopta ni Mi-8 ya zamani, ikiwa kushoto ni Mi-17, yaani Mi-8 yenye injini mpya. Nilimwambia hivi jamaa mmoja aliyekaa Bunia miaka, akaenda kuangalia picha zake zote upya, akanipigia simu usiku.

Mtaniambia sasa umetufundisha ndege, tufundishe kupiga. Nakuja.

Mimi niko Leipzig. Nilikuja kusoma, baadaye nikapata kazi ya usiku ya kupanga vifurushi uwanjani, na kazi hiyo ndiyo iliyonifanya mpiga picha, maana natoka alfajiri, nimechoka mpaka nayumba, lakini ndio ile saa mwanga uko chini, wa rangi ya asali, na hewa bado baridi. Hewa baridi ni kitu kikubwa kuliko lenzi. Mchana lami ikipata moto picha yote inacheza cheza, unadhani umekosea fokasi, kumbe ni joto. Hakuna kamera ya kutibu hilo. Mwanza ndio usiseme, saa 4 asubuhi kwisha habari, piga alfajiri au jioni, katikati ya siku nenda kale.

Na Leipzig ndiko ziliko Antonov An-124, baba lao. Kampuni ya Antonov ilikuwa na makao Hostomel karibu na Kyiv, vita ilipoharibu uwanja ule 2022 wakahamia huku. Matairi 24, injini 4, na pua yake inafunguka kwenda juu halafu ndege inapiga magoti, miguu ya mbele inakunjwa, pua inashuka chini mzigo unaingizwa. Kuna asubuhi ambayo niliipata imepiga magoti, pua juu, taa za ndani zimewaka, mtu mmoja amesimama pale mdomoni na kikombe chake. Picha hiyo nitazikwa nayo. Wanaoichanganya na C-5 ya Mmarekani: C-5 mkia wake ni T, 124 mkia wa kawaida. Na hapo hapo Leipzig kuna 124 nyingine, za kampuni ya Kirusi, zimekwama tangu 2022 kwa sababu ya vikwazo. Zile zimesimama tu, injini zimefunikwa. Mlioko Canada, Toronto kuna moja ilitua Februari 27, 2022, siku hiyo hiyo anga ya Canada ikafungwa kwa ndege za Kirusi, ikabaki pale miaka. Kwa hiyo mnaoniambia "sisi huku hatuna", msinidanganye.

Lakini siku yenyewe ni Aprili 27, 2020. Corona imekaza, watu wamejifungia, halafu habari zikaenea kwamba An-225 inakuja Leipzig kutoka China na barakoa zaidi ya milioni 10. An-225, Mriya. Moja tu duniani. Injini 6, matairi 32, urefu mita 84, mbawa mita 88, mkia wa mapacha, ilitengenezwa kubebea chombo cha anga za juu cha Wasovieti mgongoni, ikaruka mara ya kwanza Desemba 1988, na nyingine ya pili haikumalizwa. Wazee wa pale fensini, maana kila uwanja una wazee wake wa fensi, walikuwa wameshafika na ngazi zao za kukunja, kila mtu mbali na mwenzake. Kuna mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi shirika la ndege la Ujerumani Mashariki, Interflug, huyo ndiye aliyenifundisha mengi ya haya, alikuwa amekuja na ile lenzi yake ndefu. Mimi nilikuwa na kamera ya mtumba na ile lenzi ndogo ya kuanzia, 18 hadi 55, kwa sababu nyingine sikuwa nayo.

Basi ikaja. Kwanza unaona taa, halafu moshi, halafu unaona ile kitu haisogei, imening'inia pale angani, ni kubwa mno mpaka macho yanadanganyika kwamba iko polepole. Ikapita mbele yetu, na jamaa wote wenye lenzi ndefu wakapata vipande vya ndege, huyu injini tatu, yule mkia, yule pua. Mita 84 haiingii kwenye lenzi ya kupigia ndege wa porini! Mimi na kilenzi changu nikaipata nzima, mkia mpaka pua, matairi ndio yanagusa, moshi wa raba, na vichwa vya wazee chini kidogo vinaonesha ukubwa wake. Mzee akaja kuangalia kwenye kioo cha kamera yangu, akakaa kimya, akanipiga bega. Sijisifu. Sawa, najisifu kidogo.

Februari 2022 ikaharibiwa Hostomel. Haipo. Ile picha ikawa sio picha tena.

Na hapa ndipo kuna kidonda. Siku habari za kuharibiwa zilipotoka, ukurasa mmoja mkubwa wa nyumbani, wenye wafuasi wengi sana, siutaji, ukaichukua picha yangu. Wameikata chini pale nilipoandika jina, wameandika "picha kwa hisani ya mtandao". Mtandao ndio ulitoka kazini alfajiri ukasimama na baridi? Nikawaandikia kwa adabu, habari za kazi ndugu zangu, ile picha ni yangu, naomba tu mweke jina. Wakanibloku. Komenti zimejaa "picha kali", "hatari", watu wanasambaza, na mimi niko pale naangalia kama mtu anayechungulia harusi yake mwenyewe dirishani. Hela sikutaka. Jina tu. Mpaka leo ikipita inanikaba hapa.

Kwa hiyo sikiliza, na hili lishike: faili la asili lile zito kutoka kwenye kamera usimpe mtu, usiweke mtandaoni, usifute. Posti ndogo. Jina liandike katikati ya mwili wa ndege, kwa rangi hafifu, lisikatike bila kuharibu picha. Itapunguza uzuri, ndio, lakini bora hivyo. Na wewe unayechukua picha za watu, acha. Tunalalamika kila siku Wazungu wanatuibia, halafu mswahili mwenzako aliyejibana kununua lenzi unamkata jina lake kwa vidole vyako. Tunataka laiki za bure, tunataka kuvuna shamba tusilolima, halafu tunashangaa kwa nini kwenye zile tovuti kubwa za picha za ndege huoni majina ya kwetu. Ndege zilizopita Mwanza, Entebbe, Goma, nyingi zimepigwa na wageni waliopita wiki moja. Sisi tuliokulia pale hatuna hata moja! Hiyo inanikera kuliko hata kuibiwa.

Wapo pia wa aina nyingine. Kwenye grupu la WhatsApp la watu wa nyumbani waliwahi kuniambia "wenzako Ulaya wanajenga, wewe unapiga picha vyuma chakavu". Walicheka wiki nzima. Nikatoka kwenye grupu, nikarudishwa, nikatoka tena. Ukiamua kuingia kwenye haya mambo jiandae, hakuna atakayekuelewa na usipoteze muda kueleza. Na kule fensini nako, mara za mwanzo, mtu mweusi na kamera, jamaa wa ulinzi anasimamisha gari, kitambulisho, unafanya nini hapa, wakati wazee kumi pembeni yangu wana ngazi na redio hawaulizwi kitu. Nilikuwa natoa kitambulisho, nasema habari ya asubuhi, naendelea. Siku moja mmoja akaniuliza kwa kejeli kama najua hata hiyo iliyoegeshwa ni ndege gani. Nikamwambia ni 124, injini zake ni D-18T, tena nne, zile zile ambazo 225 ilikuwa nazo sita, ungependa na mwaka iliporuka mara ya kwanza, ni 1982. Hakuniuliza tena. Maarifa ni kitambulisho namba mbili.

Kwa walioko nyumbani hili la ulinzi ni zito zaidi na usilichukulie kimasihara. Uwanja wa Mwanza una jeshi jirani. Kamera usiielekeze kwenye kitu chochote cha jeshi, hata kama ni MiG ya mwaka 47 iliyoota majani. Kaa sehemu ya umma, mlinzi akikwambia ondoka, ondoka, usianze kumfundisha sheria. Njia nzuri ni kuandika barua kwa meneja wa uwanja, ujieleze, uambatanishe picha chache, uombe. Wanaweza kukaa kimya. Andika tena. Na droni sahau kabisa, usije ukasema ni mimi nilikutuma.

Haya mambo ya seti za kamera sitakaa nayo sana, yako kila mahali. Ndege ya jeti shata, yaani kasi ya kamera kufunga jicho, 1/1000 ya sekunde kwenda juu. Ya mapangaboi shusha, 1/200 hivi, ukiiweka juu mapanga yataganda na ndege itaonekana imezima angani inataka kuanguka. Helikopta shusha zaidi mpaka mkono ukubali. Fensi ya waya, bandika lenzi kwenye tundu, fungua shimo la lenzi lote, waya unapotea. Simu yako iweke programu ya Flightradar24 na uweke alama ya aina za ndege, A124, IL76, AN12, AN26, L410, ikitokea karibu inakuita. Kwisha. Kamera ya mtumba yoyote inayobadilisha lenzi inatosha, hiyo ndiyo jibu la swali mdogo wangu, umeridhika?

Makumbusho sasa. Hapa wengi wanadharau, wanasema ndege imesimama ina ugumu gani. Ngoja uende. Zimebanana, kuna kamba, kuna kibao, kuna mtoto ameshika matairi, mwanga wa taa za njano unaingia na wa dirisha wa bluu. Kule ndani lenzi ndefu ni mzigo, chukua pana, simu nayo inafanya kazi nzuri kuliko unavyodhani, flashi zima. Na usihangaike kupata ndege nzima, chukua rivets, ile misumari iliyoshika mabati, chukua maandishi ya Kirusi pembeni ya mlango, tairi lililochakaa, kiti cha rubani kilichobonyea.

Kama uko Ulaya na una nauli ya kwenda sehemu moja tu, nenda makumbusho ya Sinsheim, Ujerumani. Juu ya paa, nasema juu ya paa, kuna Tu-144 na Concorde, zile ndege za abiria zilizokuwa zinaipita sauti kwa kasi, zote mbili, zimeinuliwa pua, na hakuna sehemu nyingine duniani utazikuta hizo mbili pamoja. Tu-144 iliruka Desemba 31, 1968, Concorde ikafuata Machi 1969, Mrusi alitangulia miezi miwili. Sema abiria ilibeba muda mfupi sana, kuanzia Novemba 1977 mpaka Juni 1978, Moscow kwenda Alma-Ata, safari 55 basi. Unapanda ngazi unaingia ndani na sakafu imeinama, unatembea kama unapanda kilima cha Bugando. Watu wote wanapiga ile Concorde. Wewe piga zile mbawa ndogo nyuma ya dirisha la rubani wa 144, Concorde haina. Halafu rudi nyuma mpaka maegesho ya magari, uzipate zote mbili na anga. Siku ya mawingu meupe usijisumbue, ndege nyeupe juu ya anga nyeupe hupati kitu.

Siku hiyo hiyo ukiwahi unafika na Speyer, sio mbali. Kuna An-22, baba wa mapangaboi wote, injini 4 na kila injini ina mapanga safu mbili yanayozunguka kinyume. Unaingia tumboni. Pia kuna Buran, kile chombo cha anga za juu cha Wasovieti, ila hii ni ile ya kujifunzia yenye injini za jeti, haikwenda anga za juu. Iliyokwenda ilikwenda mara moja tu, Novemba 1988, bila mtu ndani, na ikapondwa 2002 paa la jengo lilipoiangukia Baikonur, Kazakhstan. Unaona? Kila ninachokitaja kimevunjika, kimechomwa, kimekatwa. Hata ile Il-76 iliyokuwa pembeni ya barabara Umm al-Quwain kule Emirates, ndugu zetu wa Dubai na Sharjah walikuwa wanapiga nayo selfi kila Ijumaa, imekaa pale miaka zaidi ya 20, wakaikata 2022. Mlioko Ghuba mliopata picha safi ya ile ndege, yenye jua la jioni na namba zinasomeka, msiiache kwenye simu mbovu. Itoeni.

Berlin kuna Gatow, uwanja wa zamani wa jeshi, MiG za kila aina zimepangwa nje, nilipokwenda mimi hakukuwa na kiingilio. Nje maana yake jua, kwa hiyo soma ramani kabla, ujue asubuhi jua linapiga upande gani.

Ninayoipanga sasa ni Stölln tena. Hicho ni kijiji, hakuna ranwei ya lami, kuna kiwanja cha majani, na Oktoba 23, 1989, rubani wa Interflug, Heinz-Dieter Kallbach, aliitua Il-62 pale, ndege ya injini 4 za mkiani, kwenye majani, kama mita 900 tu. Waliipeleka kwa heshima ya Otto Lilienthal, yule Mjerumani wa mwanzo mwanzo kuruka kwa mbawa, aliyeanguka nazo kwenye kilima cha pale 1896 akafa kesho yake. Ndege wameipa jina la mke wa Lilienthal, Lady Agnes, na watu wanafungia ndoa humo ndani. Ninataka kuipiga asubuhi na umande. Mzee wa Interflug kasema atakuja, aliijua ndege hiyo ikiwa inaruka.

Nimebakiwa na nafasi mbili kwenye gari kutoka Leipzig, Jumamosi, tunaondoka saa 9 usiku. Mafuta tunachangia, chai naleta mimi. Anayetaka aniandikie leo, na asiniulize aje na lenzi gani.